Goti Langu Kwenye Maoni ya Watu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Andika, wifi. Andika kila ninachosema, hata nikikohoa. Huyu anayeandika ni dada wa marehemu mume wangu, mpiga chapa mstaafu, mwandiko wake umenyooka kama ameupiga pasi. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita. Kwa hiyo mimi natoa maneno, yeye anatoa wino. Tunakaa wawili hapa na binti yangu, watatu.

Leo kumeingia mdudu. Binti yangu ni fundi wa friji na mashine za kufulia. Wateja wanampata kwenye mtandao wa mafundi. Kule kila fundi ana ukurasa wake, na mteja akishahudumiwa anaacha maoni na nyota, kuanzia moja hadi tano. Asubuhi katokea mtu anajiita Mteja Mkweli. Nyota moja! Eti fundi alichelewa, akaharibu friji, hana adabu, msimwite. Hana adabu? Mtoto anayemwamkia hata paka?

Binti kaapa hamjui huyo mtu. Tarehe aliyoitaja, binti alikuwa kitandani na homa, nimemkanda mimi kwa mikono hii. Na Jumamosi anakuja matroni wa bweni la wanafunzi wa uuguzi. Ana mashine kumi na mbili za kufulia, anatafuta fundi wa kudumu. Amesema kabisa kwamba kabla ya kuja atausoma ukurasa. Kazi hiyo binti anaiota tangu mwaka jana. Usingizini anataja mikanda ya mashine.

Nikamwambia niachie mimi. Akasema mama, nakuomba, usiguse. Amesharipoti, mtandao una wakaguzi wa maoni ya uongo, watashughulikia. Nikasema sawa. Wifi, acha kucheka. Nilisema sawa kwa moyo mmoja. Ni ule moyo wa pili uliokuwa na maswali.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimegundua jambo kubwa!

Asubuhi nzima nimemkalisha wifi anisomee maoni. Yetu, ya mafundi wengine, ya watu nisiowajua. Kasoma mpaka akaomba maji mara mbili. Mimi macho nimefumba, nasikiliza. Mtu mmoja alisema fundi alikuja siku paka wao anazaa ndani ya kabati, akaitengeneza mashine bila kumshtua. Mwingine kasema kazi nzuri, ila fundi alikanyaga zulia la mama mkwe na mama mkwe bado anaendelea kulitaja. Hao ni watu! Nawaona! Kisha anakuja huyu Mteja Mkweli. Alichelewa, akaharibu, hana adabu, msimwite. Paka hakuna. Zulia hakuna. Hakuna mtu mle ndani, ni nguo imetundikwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo! Mkweli anazunguka. Mkweli hawezi kukueleza friji bila kukueleza alikuwa anapika nini. Nimemwambia wifi kwamba kipimo hiki hata wasomi hawana. Akasema kwa kipimo hicho mimi ndiye mkweli kuliko wote duniani. Sijui kama ilikuwa sifa.

Jioni nikaenda kupeleleza. Mtaa wa pili kuna fundi mwenzake, wanamwita Waya, mwembamba hivyo hivyo. Ukurasa wake una sifa arobaini. Arobaini! Nani kama si yeye aliyemtuma Mteja Mkweli? Lakini huwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu. Nikachukua pasi yetu. Nzima. Nikaitia uma kidogo mpaka ikawa mbovu.

Waya kanipokea kwa heshima hata nikakasirika. Kiti, mto wa kiti, shikamoo mbili. Nikamuuliza kwa mzunguko ni nani anayemwandikia zile sifa. Akasema bibi, nawaomba wateja wenyewe, wakiwa bado wanacheka, maana wakishafika nyumbani wanasahau. Kisha akanitania, eti na wewe ukifika nyumbani niandikie basi. Nife kwanza!

Pasi sasa inawaka kuliko ilipokuwa mpya. Hilo usiandike. Umeshaandika? Haya.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Dawa ya moto ni moto, lakini dawa ya uongo ni ukweli mwingi. Hesabu yenyewe iko wazi. Uongo mmoja, tuuzike chini ya kweli saba.

Wifi kakataa kuniandikia. Anasema huko ni kughushi. Nikamwambia kughushi ni kwa uongo, hizi ni kweli za watu wavivu. Akavaa miwani, akaivua, akaenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Nikatoka peke yangu. Nimepita kwa watu saba ambao binti amewatengenezea vitu. Muuza maziwa, friji. Kinyozi, mashine anayofulia taulo. Mama wa mapacha, mashine ya kufulia, maana mapacha hao ni balaa. Na wengine wanne. Kila mmoja kasema kazi ilikuwa nzuri. Kila mmoja kasema hana muda wa kuandika. Nikauliza je, nikiwasemea? Wakajibu kwa kicheko, sema bibi, wewe una mdomo. Ruhusa hiyo! Nimepewa mara saba!

Nikarudi, nikakaa dirishani, nikaishika simu yangu ile inayoandika ukiiongelesha. Inauliza jina, nalitaja. Inauliza nyota, nagusa tano, hesabu hiyo ninayo. Kisha naingia ndani ya mtu. Nimemsemea kinyozi vizuri mno. Nikasema mimi ni kinyozi, mashine yangu ilikuwa inatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na fundi akaja asubuhi ya mvua, na mimi mvua ikinyesha goti langu la kushoto linaniuma toka nilipoteleza kisimani, lakini kwa furaha ya ile mashine nililisahau goti. Umeona? Mzunguko! Nani atasema hilo ni la uongo?

Saba kwa saa moja. Sauti imekauka. Nimejinywea chai ya ushindi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Yote saba yamefutwa.

Na si kufutwa tu. Juu ya ukurasa wa binti wameweka tangazo la manjano kwamba ukurasa unachunguzwa kwa maoni ya kutiliwa shaka. Yetu! Yule Mteja Mkweli bado amekaa pale na nyota yake moja, ametulia kama mwenye nyumba.

Binti kanisomea barua ya mtandao akiwa amesimama. Eti maoni saba yametoka kwenye simu moja ndani ya saa moja. Eti wateja watano kati ya saba wanaumwa goti la kushoto, akiwemo kinyozi mwenye miaka ishirini na sita. Nikasema magoti hayana umri. Hakucheka.

Tukiwa katika hali hiyo, mlango ukagongwa. Mume wa mama wa mapacha. Amesimama kizingitini, kofia mkononi, mpole kabisa. Akaniuliza, bibi, hivi mimi nimekufa lini? Maana mkewe kasomewa na shoga yake kwamba ameandika mtandaoni kuwa marehemu mume wake alipenda sana mashuka meupe. Nikamwambia ni ulimi tu, marehemu ni wangu. Akasema anashukuru, ila kazini wameshaanza kumpa pole mkewe, na yeye ndiye anayepokea simu.

Wifi kalazimika kwenda chumbani. Nilimsikia akicheka ndani ya mto.

Binti hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kakaa chini, akatoa spana zake zote, akazifuta moja moja, nazo zilikuwa safi. Akasema tu, keshokutwa matroni anakuja, mama. Basi. Uji wangu umenishinda.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Simu ya binti imelia saa nne asubuhi, mwenyewe yuko bafuni. Ningeiacha? Ilikuwa inalia kwa uchungu.

Alikuwa mkaguzi wa mtandao, sauti ya mwanamke, taratibu. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Akaniuliza friji isiyogandisha nitaanza kukagua wapi. Nikasema nitaanza kwa kumuuliza mwenye friji anaendeleaje nyumbani. Akasema, wewe ndiye mwenye goti.

Nikakiri. Yote saba ni mimi, lakini wenyewe wapo, wapigie. Na kwa kuwa nilikuwa naye mkononi nikamuuliza maswali yangu yote, maana yalikuwa yananiwasha. Mnawakamataje waongo? Akasema wanauliza kazi ilifanyika siku gani, ni kitu gani kilitengenezwa, na namba ya kazi anayopewa mteja. Mtu mmoja, kazi moja, maoni mara moja. Na asiyejua kuandika je? Akasema anaweza kutuma sauti yake, lakini iwe yake. Nami nikampa kipimo changu, paka na zulia, bure kabisa. Kacheka hadi akaomba radhi. Kisha akasema ngoja, akabonyeza-bonyeza huko kwake.

Kumbe! Mteja Mkweli kaandika maneno yale yale kwa shule ya udereva. Na kwa daktari wa meno! Alichelewa, akaharibu friji, hana adabu. Daktari wa meno kaharibu friji! Ni mtu anayeandika kwa kukodiwa, anabandika tu. Nani kamkodi, mkaguzi hajui. Mimi nasema Waya. Wifi anasema sina ushahidi. Nasema arobaini ni nyingi.

Mteja Mkweli kafutwa papo hapo. Lakini wetu saba atawapigia mwenyewe, mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa kinywa chake. Kufikia jioni wanne walikuwa wamepokea simu. Kinyozi katumia nusu ya maongezi kutangaza kwamba magoti yake ni mazima yote mawili na ana mpango wa kuoa. Mama wa mapacha nyota tano, na mumewe kasalimia kwa nyuma kuthibitisha. Na muuza maziwa? Nyota tatu! Eti friji ilitengenezwa vizuri, lakini fundi alichelewa siku mbili bila taarifa, maziwa yakachacha.

Nikamfuata hadi dukani. Nikamwambia maziwa yako nimeyanywa miaka kumi na moja bila kuuliza maji yametoka wapi. Akajibu, bibi, nimeulizwa ukweli, ningefanyaje?

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Tangazo la manjano limetolewa asubuhi. Matroni kafika saa tatu kamili.

Mwanamke mfupi, maneno yake mafupi zaidi. Mimi na wifi tulikuwa nyuma ya pazia, pua kwa pua. Hakuuliza nyota tano hata moja! Kaenda moja kwa moja kwenye maoni ya yule muuza maziwa. Akasema, hizi siku mbili zilikuwaje? Moyo wangu ukaangukia kwenye kandambili.

Binti angeweza kusema mvua, homa, chochote. Mimi ningekuwa na sababu sita. Yeye kasema ni kweli. Kipuri kilicholetwa hakikuwa chenyewe, akasubiri kingine, na alipaswa kumpigia mteja simu, hakupiga. Sasa anapiga hata akichelewa nusu saa. Wifi alikuwa amenifinya mkono, alama ninayo hadi sasa.

Matroni akasema ukurasa wenye sifa tupu huwa anaufunga kabla hajaumaliza. Alitaka kumjua fundi siku aliyokosea. Kampa mashine nne kati ya kumi na mbili, kwa miezi mitatu. Zikienda vizuri, wataongea kuhusu nane zilizobaki.

Binti kaja nyuma ya pazia akanikumbatia, ananuka sabuni na grisi. Akasema mama, umeona? Nikasema nimeona, mwanangu. Nimeona kila kitu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Na kweli nimeona. Nilikosea wapi? Nilitafuta sifa! Kumbe kinacholeta kazi ni lawama! Nyota tatu za muuza maziwa zimefanya kazi kuliko tano za watu wote. Mtu angeniambia toka Jumatatu nisingejichosha.

Zimebaki mashine nane. Leo nimezunguka mapema. Safari hii kila mtu kwa simu yake, sauti yake, namba yake ya kazi, kama alivyoelekeza mkaguzi. Mimi nitampa kila mmoja lawama tu, ndogo, iliyoiva vizuri, na yeye aikariri. Wanne wamekubali. Mume wa mama wa mapacha kauliza kama atabaki hai. Nikamwambia itategemea na ushirikiano wake.

Nimempitia na Waya, kwa ujirani. Nikamwambia sifa arobaini zinamharibia, namhurumia, nina lawama mbili za ziada kama anazitaka. Kanivutia kiti.

Binti yuko bwenini na mashine zake nne. Wifi kakataa kuandika lawama za watu, anasema safari hii atanishitaki kwa mkaguzi mwenyewe. Nimemwambia nani kakwambia ni lawama za watu? Hii si shajara yangu? Andika basi, wifi, kwa ajili ya shajara tu, tena kwa herufi kubwa ili kinyozi asipate shida kuisoma: Fundi huyu ni mzuri, lakini alifika mapema mno, nikiwa bado naoga.