Kuku wa Kuweka Msalaba

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mpemba.
Vifaranga wa nyama wamefika! Mimi na Luka, mume wa dada yake mke wangu, tumegawana boksi moja. Ni kwa ajili ya siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mama mkwe, kule Iyula. Kila mkwe apeleke kuku wake. Luka ameanza kunicheka hata manyoya hayajaota. Mama ndiye pekee ukweni aliyekuwa akinitetea. Lazima kuku wangu wawe wanono kuliko wa Luka. Lazima! Restuta, mke wangu, kaniomba jambo moja tu: nisimwaibishe mbele ya dada zake.

Ijumaa, 13 Juni.
Tumehamia chakula cha punje. Ngumu kweli! Na kuku hana meno. Wazo likanijia. Mama alipougua nilimsagia kila kitu, mpaka karanga, na alikula. Nimebeba mfuko mzima hadi mashineni, nikamwomba Nikodemo mwenye mashine asage laini kama sembe. Akauliza kama nina akili timamu. Wivu huo.

Loisi wa duka la pembejeo kasikia, kapiga simu. Eti kuku anadona, halambi. Eti punje moja ni tonge, ila unga atashinda akiuhangaikia, nusu unamwagika, mwingine unaganda mdomoni. Nimemshukuru kwa heshima. Anauza punje, angesema nini?

Jumapili, 22 Juni.
Baada ya ibada nimechungulia bandani kwa Luka. Majikuku! Yanadona kidogo, yanajilalia. Wangu wako kwenye chakula tangu asubuhi, midomo imeganda, maji yao yamegeuka uji. Nimejipa moyo kwamba wangu ni wachapakazi. Restuta kamshika mmoja, kampapasa kifua, kamrudisha taratibu. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 5 Julai. Iyula.
Baridi kali. Msalaba umesimama. Kuku wa Luka walipokewa na watu wawili wawili kwa uzito. Walipofika wangu, Ketrina, dada mkubwa wa Restuta, aliuliza kama nimeleta njiwa. Watu wakacheka, siku ya mama! Restuta akainamisha uso.

Nilikwenda nyuma ya mibuni nikalia. Sikuwalilia kuku. Yule ambaye angewaambia waniache ndiye aliye chini ya ule msalaba. Baba mkwe akanifuata, akasema mama angewala hao hao na kuwasifia. Nikalia upya.

Jumatano, 9 Julai. Mpemba.
Restuta bado ananijibu kwa neno moja moja. Nimechukua vifaranga wengine, nimpelekee baba mkwe, nifute aibu. Loisi kanisihi nisisage chochote. Nimetikisa kichwa kukubali.

Lakini njiani nimewaza sana, na kosa nimeligundua. Unga ulikuwa mkavu! Sasa hivi nawakorogea uji, mwepesi, wa vuguvugu, kwenye sufuria ile ile niliyomkorogea mama uji alipougua. Yeye alikuwa anaumaliza wote.