Tiyo Inapoingia Tankini

Jumatatu, 3 Juni
Kazi imepatikana. Papa Gaspard wa Luberizi anataka tanki la mvuke la kupikia mpunga. Pipa la chuma tayari, limelazwa. Ubavuni nimetoboa tundu, nikachomelea tiyo, bomba nene la kutoa mvuke. Gaspard amemtuma Injenieri Generose anikague. Mama huyo anataka nizungushie tiyo bati nene la kuongeza nguvu. Bati lenyewe nimeshalipangia kuwa mlango wangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimezungushia bati la debe. Rangi mara tatu. Kwa macho, nene kabisa. Mke wangu Apollinarie, atakayechochea moto wa tanki hilo, ameuliza kama lina nguvu. Nikamwambia litatuzika sote. Hakucheka.

Jumatano, 5 Juni
Generose amekuja. Akaeleza kwamba mvuke ukisukuma, ukuta wa pipa unavutwa kwa mzunguko mara mbili ya unavyovutwa kwa urefu. Ukitoboa tundu, nguvu hiyo inakosa njia, inajazana ukingoni. Nikasema chuma hakijui hesabu. Akachukua chaki, akatia alama kushoto na kulia kwa tiyo.

“Papa Marcellin, likipasuka litaanzia hapa. Si juu, si chini.”

Kesho tunajaribu kwa maji, maana maji hayalipuki kama mvuke.

Alhamisi, 6 Juni
Tumepampu maji kwa mkono. Mshale wa kipimo ukapanda. Kimya. Nikaanza kutabasamu. Kisha rangi yangu ikakunjika, na uzi wa maji ukatoka kwenye alama ya kushoto. Si karibu nayo. Katikati yake. Ukanipiga kifuani, sikusogea. Mama huyu hajawahi kuingia ndani ya chuma changu, lakini alijua kitakapoumia. Nikasimama nimelowa, kama mtu kanisani.

Halafu nikawaza: ungekuwa mvuke, na Apollinarie yuko pale. Nikakiri yote kwa Generose.

“Leta bati,” akasema tu.

Jumamosi, 8 Juni
Bati nene limekaa. Tumepampu kupita juzi; hata tone. Nikaweka kiganja pale. Nguvu zote zile zinapita chini ya mkono wangu, zinazunguka tundu, bila sauti. Sikutaka kuutoa.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa, mtu wa Runingu ameagiza tanki la tiyo mbili. Nimemfundisha mzunguko na urefu mpaka akavua kofia. Tiyo ya mbele nitaizungushia bati nene, kwa heshima zote.

Ya nyuma itaelekea ukutani. Nani atainama kutazama?