Bibi Una Inaondoka Jumamosi

Watu wa Bridgetown walimwita Lisle Padmore Kapteni, ingawa maisha yake yote hakuwahi kupanda hata ngalawa. Kofia alikuwa nayo, nyeupe, yenye ukingo wa dhahabu, na mjini kofia inatosha.

Asubuhi ile alikuwa ameegemea uzio wa bandari akitazama meli ya ghorofa kumi na tatu ikiteremsha abiria. Hakuwa na shida na abiria. Mgeni wa meli ana wenzake elfu tatu, ana bima, na ana mke anayesoma maandishi madogo. Lisle alikuwa mtu wa kwao, na kama wazalendo wote wa kweli, alipendelea kula vya nyumbani.

Ndipo akamwona Bi Ianthe Worrell. Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa akikaanga katlesi za samaki wa chumvi nje ya geti, chini ya mwavuli uliopakwa jina lake. Alimrudishia mzungu mmoja chenji, kisha akainua macho. Akaipanda ile meli kwa macho, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka shingo ikagoma, na hapo akabaki. Kwenye karai katlesi ikaanza kuungua. Lisle aliiona inavyoungua, na moyo wake ukafurahi kama wa mvuvi aliyeona kiboya kimezama.

Alinunua katlesi mbili ndani ya mkate na kusifu pilipili. Akauliza kwa upole kama Bi Ianthe aliwahi kupanda.

"Kupanda nini?"

"Hicho unachokitazama."

"Mwanangu, mimi napanda kitanda tu, na magoti yananishitaki."

Lisle akacheka kwa adabu, akafungua mkoba. Akatoa karatasi mbili zenye rangi za kupendeza, akaziweka juu ya meza, moja huku, moja kule. Moja ilikuwa Njia ya Mchanga: Antigua, Anguilla, Visiwa vya Virgin, mchanga mweupe kama unga, kulala chali siku saba. Ya pili ilikuwa Njia ya Msisimko: St Vincent kupanda volkano, St Lucia kuteleza juu ya miti kwa kamba ya chuma, Dominica kuelea mtoni ndani ya mpira wa gari.

Hapa inafaa tusimame kidogo tumpe mwizi haki yake, maana kanuni hii aliigundua mwenyewe bila kusoma chuo. Ukimwuliza mtu kama anataka safari, atafikiri, na mtu akifikiri umeshamkosa. Lakini ukimwuliza anataka safari hii au ile, ataumiza kichwa kati ya mchanga na volkano, na katika kuumiza huko hatapata nafasi ya kuuliza kama meli ipo. Kwa njia hiyo Lisle alikuwa amewauzia watu magari mawili, viwanja viwili, na mara moja wachumba wawili, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwako.

Bi Ianthe aliinamia zile karatasi muda mrefu. "Ni ngumu kuchagua," alisema.

"Ngumu sana," Lisle akakubali kwa huzuni.

"Na meli yenyewe inaitwaje?"

Swali hilo halikuwa kwenye mpango. Kwa kawaida watu hawakufika huko. Mdomo wa Lisle ukatoa kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kibao kilichokuwa juu ya mlango wa nyumba yake, ambacho alipita chini yake kila asubuhi. "Bibi Una," alisema.

Bi Ianthe akageuza katlesi, polepole. "Bibi Una," akarudia. "Jina la heshima. Njoo Alhamisi, Kapteni, ukumbi wa kanisa. Tuko kina mama kumi na wawili wa upatu."

Lisle alirudi kwake akipiga mluzi. Wateja aliwaambia anakaa mtaa wa mabalozi, lakini ukweli ni kwamba alikaa nyuma ya duka moja la ramu, katika nyumba ndogo ya mbao iliyokalia mawe juu ya kiwanja cha kupanga, ya aina inayofunguliwa kuta na kuhamishwa mwenye kiwanja akibadili nia. Baba yake aliijenga akampa mkewe Una, akaandika jina lake juu ya mlango. Kabla hajafa, Una alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Uza maneno yote uliyo nayo, Lisle, najua huwezi kuacha. Nyumba usiuze." Na kweli hakuuza. Aliuza saa ya baba yake, aliuza ng'ombe wa jirani, lakini nyumba aliipaka rangi kila Desemba na mpaka asubuhi ile hakuwahi kuitaja katika uongo wowote. Aliipenda. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikumfanya ageuke nyuma barabarani.

Alhamisi ukumbi ulikuwa umejaa vumbi la chaki na harufu ya mobi, kile kinywaji kichungu cha magome. Lisle alipokelewa kama askofu, akapewa kiti chenye mto. Akaanika njia zake mbili, akaketi kusubiri neema.

Neema ilikuja haraka. Bi Ianthe alisimama akasema yeye ni Msisimko, na asiyetaka kuning'inia juu ya miti ya St Lucia abaki nyumbani afue. Hapo akainuka Bi Marva Greenidge, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, aliyepiga taipu katika ofisi ya wakili miaka thelathini na moja, na wikendi akichuuza ufukweni. Yeye alikuwa Mchanga.

"Mchanga?" Bi Ianthe akamgeukia. "Marva, ufukwe ule pale. Ukitema mate unaulowesha. Unataka kuvuka bahari ukatazame bahari?"

"Ule nauona tangu nizaliwe," Bi Marva akajibu, "na sijauona hata siku moja bila beseni kichwani. Nataka kwenda kwenye ufukwe wa watu, nilale, halafu mtu mwingine aje aniuzie mimi. Nami nimwambie ni ghali."

Hata Lisle alihisi kitu kikimgusa kifuani, akakohoa kikaondoka.

Kisha vita vikaanza rasmi. Watu waliokula sahani moja miaka mingi waligawanyika sita kwa sita. Wa Mchanga waliwakumbusha wa Msisimko umri wao, na uzito ambao kamba inaweza kuubeba. Wa Msisimko wakasema mtu anayelipia kulala chali basi alipie hata kupumua. Kura zilipigwa mara nne, zikatoka sawa mara nne. Lisle alitembea katikati yao akiwapoza, akiwaambia wa Mchanga pembeni kwamba yeye binafsi ni Mchanga, na wa Msisimko kwamba damu yake ni Msisimko. Hakuna aliyeuliza bandari gani, ofisi gani, leseni gani. Alitamani mama yake angekuwepo aone kazi nzuri.

Mwisho Bi Ianthe akagonga meza. Alisema hawawezi kukubaliana leo, lakini wivu usiwakoseshe nafasi. Walipe zote sasa, dola elfu kumi na nane za upatu mzima, na njia wataichagua baadaye. Ila kwa desturi yao, anayepokea mkono wa upatu anasaini. Je, Kapteni ana shida na kusaini?

Kapteni hakuwa na shida. Ila hakuwa mjinga pia, na karatasi za watu wengine aliziogopa kwa kuwa alizijua zake. Bi Marva alipoivuta hati hiyo kutoka kwenye mashine ya taipu ya kanisa, Lisle alivaa miwani, akaisoma mara mbili, kwa kidole.

Iliandikwa: *Mimi Lisle Padmore nimepokea malipo yote kwa ajili ya Bibi Una. Bibi Una itakuwa tayari kuondoka mahali pake Jumamosi saa mbili asubuhi, na wanachama walioilipia watakuwa huru kuipeleka njia yoyote watakayochagua.*

Alitafuta mtego, hakuuona. Hapakuwa na neno la kurudisha pesa, wala adhabu, wala mahakama. Lile la kuipeleka njia yoyote lilimfanya aume shavu asicheke: vikongwe walidhani watashika usukani. Akasaini jina lake kamili kwa madoido, mashahidi wawili wakasaini chini yake, akapewa bahasha. Bi Ianthe akamfungia na katlesi sita za njiani.

Usiku huo huo Lisle alikuwa kwa binamu yake huko St Lucy, wilaya ya kaskazini kabisa, mahali ambapo habari za mji hufika zikiwa zimechoka. Ndiyo ilikuwa desturi yake baada ya kila biashara. Hasira ya mtu wa Bridgetown, kwa utafiti wake, hudumu siku nane; ya tisa huanza kuona aibu, na mwenye aibu haendi polisi. Jumamosi saa mbili asubuhi aliwawazia wale kina mama kumi na wawili bandarini, na masanduku na kofia zao za majani, wakitazama maji. Alijaribu kucheka, kicheko hakikukolea. Bi Marva alimrudia kichwani, na lile beseni lake.

Kilichomsumbua zaidi ni ukimya. Siku ya tatu hakukuwa na uvumi. Siku ya sita hakuna polisi aliyemuulizia. Siku ya nane binamu yake alirudi kutoka sokoni na habari za bei ya viazi tu. Lisle alianza kuudhika. Mtu huibia watu, nao wanashindwa hata kulalamika.

Siku ya tisa alirudi mjini. Alipita duka la ramu, akakata kona, akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, na mkono ukabaki humo humo.

Mawe yalikuwepo. Manne ya pembeni na mawili ya katikati, yamepangwa vile baba yake alivyoyapanga. Juu yake hapakuwa na kitu. Kitanda chake kilikuwa pale chini ya turubai, kimetandikwa, na suti zake zimekunjwa vizuri juu ya mto. Nyumba haikuwepo.

Mwenye duka la ramu alitoka na kitambaa cha kufutia bilauri akampa pole ya kuhama. Alisema kazi ilikuwa safi mno. Jumamosi saa mbili juu ya alama, lori na mafundi sita, wakafungua ukuta mmoja mmoja kama ilivyo kawaida, na kufikia jioni wameondoka. Yeye kama jirani aliwauliza. Wakamwonyesha karatasi, na saini aliijua, maana anayo kwenye daftari la madeni.

Lisle alikimbia. Kofia ilidondoka karibu na daraja, hakuiokota.

Aliikuta nje ya geti la bandari. Ilikuwa imepakwa rangi ya ndizi mbivu, madirisha yake ya mbao yamefunguliwa, na kibao kile kile juu ya mlango: Bibi Una. Foleni ya abiria ilifika barabarani. Ndani, kina mama kumi na wawili wa Mchanga na Msisimko walikuwa wakikaanga, wakipokea na kufunga kama watu wasiowahi kugombana hata dakika moja.

Alisukuma watu akafika dirishani. "Bi Ianthe, hii ni nyumba yangu."

"Ilikuwa. Shika foleni, mwanangu."

"Niliuza safari."

"Wenye bandari walitwambia mwisho wa mwezi meza na miavuli basi," Bi Ianthe alisema, akitia chumvi. "Anayetaka kuuza awe na nyumba ya mbao ya kizamani, ndiyo wageni hupenda kupiga picha. Fundi anataka mara tatu ya zile tulizokupa. Tukawa tunalia. Halafu akaja mtu mwenye kofia akatutajia Bibi Una. Mimi hulowesha samaki kwa ratiba ya meli, Kapteni. Naijua kila meli inayotia nanga hapa mpaka mwakani. Bibi Una ninayemjua mimi ni mmoja, nililibeba jeneza lake upande wa kushoto. Wewe siku hiyo hukumtazama mtu usoni."

"Nitakwenda polisi."

"Twende wote," Bi Marva akasema kutoka nyuma, akivua aproni. "Nakala ninayo. Wakikuuliza Bibi Una ni nini, utawaambia ni nyumba? Basi umeiuza, na mashahidi wapo. Utawaambia ni meli? Watakuomba uwaonyeshe."

Lisle alifungua mdomo. Mdomo huo ulikuwa umemtoa katika vituo vitatu vya polisi na kanisa moja. Sasa ulitoa neno moja tu, "Tafadhali."

"Pesa zako tulikulipa zote," Bi Ianthe alisema, na sauti yake safari hii haikuwa na utani. "Hatukukuibia hata senti. Una angekuwa hai ningemwomba radhi yeye. Wewe sikuombi."

Alisogea kando watu wapite. Mfukoni bahasha ilikuwa nzito, na ingemnunulia vitu vingi, lakini hiki hakikuwa kimojawapo. Akajikuta ameingia mlangoni. Karai kubwa lilikuwa pale pembeni karibu na dirisha la mashariki, mafuta yakichemka. Lisle alisimama akalitazama. Alilia kidogo, na moshi ukampa kisingizio.

Mama mmoja wa meli, mwenye kamera shingoni na mabega yaliyoungua jua, akamuuliza kama naye ni wa nyumba hii.

"Nilizaliwa humu," Lisle alisema. "Pale penye karai. Kitanda cha mama yangu kilikuwa pale."

Yule mama akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia mumewe asikie, kwamba watu wa huku wana maneno matamu, kisha akampa Lisle dola moja na kumwomba amsimulie tena, taratibu, anarekodi.