Ombi la Kurudishiwa Programu ya Skrini ya Buluu

Gesima, Nyamira
Agosti 1998

Kwa Bwana Lalit,
Duka la Kompyuta,
Kisii Mjini.

Ndugu Lalit,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Huku sisi tu wazima, ila ofisi ya chama chetu cha wakulima wa chai ndiyo mgonjwa, na aliyeiambukiza ni mpwa wako Jigar. Alikuja juzi kurekebisha kompyuta, akang'oa programu yangu ya zamani ya kuandikia barua bila kuniuliza, akaweka hii mpya, akanywa chai yetu, akaenda zake. Mimi, karani wa chama hiki, naomba kwa heshima nirudishiwe mali yangu. Sababu zangu ni hizi:

1. Skrini mpya ni tupu. Ile ya zamani ilikuwa ya buluu na imejaa kuanzia juu hadi chini: amri huku, nambari za mistari kule, na juu ya kibodi kile kikaratasi cha rangi nyingi kilichoeleza kila kitufe cha F hufanya nini kikiwa peke yake na kikiwa na wenzake. Mgeni akiiona alinyamaza mwenyewe, akajua hapa pana karani. Sasa anaona ukurasa mweupe na vipicha vya mkasi na brashi, anauliza kama tumefungua chekechea.

2. Ile ya zamani ilikuwa na adabu ya kuuliza. Ukitaka kufuta barua, ilisema: una hakika? Mtu alijikuna kichwa, akatafakari, ndipo akajibu. Hii mpya inakuacha ufute ovyo, kisha ukibonyeza kijishale fulani, kosa linatoweka kana kwamba hukulitenda. Vijana wanaolelewa na mashine ya namna hii, Bwana Lalit, wataoa wakidhani hata huko kuna kijishale.

3. Mausi. Mtu mzima anaambiwa asukume kidude mezani kama mtoto achezeaye gari la kopo. Ukibonyeza mara moja, kimya. Mara mbili polepole, kimya. Yenyewe yataka mara mbili haraka haraka, kama mgeni asiye na haya anayegonga mlango.

4. Hili nilitaka kuliacha kwa aibu, lakini ndilo linaloniuma. Mwenyekiti wetu, Makori, alisema mbele ya kamati nzima, "Mzee Angwenyi, ujue hiyo mashine kabla ya mkutano mkuu, ama kiti tumpatie mwingine." Na mwalimu waliyenitafutia ni Nyakerario. Ndugu yangu, Nyakerario ni mke wa mwanangu! Wewe umezaliwa Kisii, unajua chinsoni zetu: baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawabanani kwenye benchi moja, na mimi sikanyagi nyumbani kwake. Zamani haikuwa taabu. Nikikwama, alisimama mlangoni akitazama nje, akasema, "Tata," yaani baba, "bonyeza F7." Nikabonyeza, barua ikatoka, heshima ikabaki. Lakini mausi haifundishwi kwa mdomo. Anasema juu kidogo, mimi napeleka, mshale unakimbilia pembeni kama kuku aliyeona mwewe. Jigar mwenyewe, ili nielewe, ilibidi anishike mkono. Je, Nyakerario naye anishike? Wazee wa ukoo wangekaa kikao, na sijui kondoo wa kututakasa angetolewa na nani, mimi au waliotengeneza mausi. Nasema wazi kwamba naogopa. Kiti hicho ndicho kinachofanya watu wanisikilize hapa Gesima. Nikikipoteza, nitabaki mzee wa kuulizwa kama mvua itanyesha.

5. Kwa hiyo rudisha programu yangu. Ukishindwa, waandikie hao watengenezaji ng'ambo watuundie mausi yenye mpini mrefu kama wa jembe, mkwe aishike akiwa mlangoni. Wakikataa, nitaomba Waadventista na Wakatoliki, kuanzia hapa hadi Birongo, waihubiri mausi kuwa dhambi, kila mmoja kwa siku yake, kwa kuwa hata siku ya kupumzika hawajakubaliana.

Nisalimie Mama Jashoda, Palak na wote wa dukani. Hata Jigar msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi, ninayedai kwa unyenyekevu,

Angwenyi Machogu
Karani (bado)

Tanbihi: Barua hii imechelewa kufika posta. Kumbe Nyakerario alimfundisha mke wangu, Nyanchama. Sasa Nyanchama huja ofisini kila mchana, huketi karibu nami, huweka mkono wake juu ya wangu, nasi tunasukuma mausi pamoja. Tangu tuoane hajawahi kunishika mkono mchana, tena mlango ukiwa wazi. Basi usimtume Jigar. Mausi yenyewe nimeshaijua tangu Jumatatu, na mkutano mkuu sina wasiwasi nao tena, lakini hilo naomba libaki kati yetu, maana Nyanchama anaamini kubonyeza mara mbili bado kunanishinda.