Mdomo wa Rosenda na Samaki-Chura wa Anilao

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio, na mwenye sufuria motoni apunguze moto, kwa maana nasimulia vita vikuu vilivyopiganwa chini ya maji ya Anilao, na shujaa wake, msimtafute mbali, ni mimi Rosenda, mama yake Mayumi, kiongozi wa wazamiaji, mwenye mapafu ya chuma na magoti ya karatasi.

Adui alikuwa mdomo wangu. Sisi huku hatuonyeshi kitu kwa kidole. Tunakichongolea midomo, na kila mtu anaelewa. Kwenye nchi kavu ni adabu. Baharini, ukiwa umeng'ata kifaa cha kupumulia, ni balaa: kila nilipomwona samaki wa ajabu nilichongoa midomo, kifaa kikachomoka, nikanywa maji ya chumvi mbele ya wageni. Kuya Berting, yaani Kaka Berting, sultani wa boti yetu, akatoa hukumu: nikikitema tena, narudi uani kujaza mitungi ya hewa.

"Si utumie kidole, Nay," alisema Mayumi, kwani Nay kwetu ni mama.

"Mkono mmoja una taa, mwingine unamzuia mgeni asikanyage matumbawe."

"Basi tuliza mdomo."

"Hilo baba yako analiomba tangu harusi."

Ndipo nikaketi jikoni, katikati ya magamba ya samaki, nikabuni zana za kizazi kijacho: kifaa chenye hewa inayonukia kitunguu saumu cha kukaanga, ili mzamiaji asisahau kurudi kula, na kifaa kinachogomba kwa sauti ya mama hewa inapopungua. Zote niliziacha, kwa kuwa nilichokuwa nacho ni mrija wa soda na puto jekundu lililopasuka. Nikaufunga mrija mbele ya kifaa, na kipande cha puto nchani. Nikigeuza taya kidogo, bila kuachia meno, mkuki wangu huo wa mrija ungeonyesha.

"Hiyo nini?" akauliza Kuya Berting.

"Teknolojia ya kesho, Kuya."

"Kesho ya nani?"

Nikashuka na daktari wa meno kutoka Manila, aliyemtafuta samaki-chura miaka mingi asimwone. Samaki huyo hapo, amekaa kando ya sponji, rangi moja nalo. Nikageuza taya, mkuki ukamwelekea. Daktari akalitazama sponji, akanitazama mimi, akaona sponji tu. Midomo yangu, hasidi wangu wa kale, ikaanza kuchongoka yenyewe. Meno yakalegea. Niliiona mitungi ya uani ikinisubiri.

Mara "sponji" likafumbua kinywa, likameza puto na nusu ya mrija. Daktari akapiga kelele za mapovu na picha juu ya picha. Samaki akaonja teknolojia ya kesho, akaitema kwa dharau.

Botini daktari alikuwa karibu kulia. "Nimemwona mpaka kooni," alisema.

Kuya Berting akanikazia macho. "Umekitema?"

"Aliyetema ni samaki, Kuya."

Akauliza wali uko wapi, akasema na kesho niwahi, kuna wageni wangu wa kuongoza.

Na ikumbukwe vizazi vyote: siku hiyo Rosenda, mshindi wa vilindi, aliichongolea midomo sufuria ya wali, wala hakunywa hata tone la chumvi.