Kijana wa Miaka Ishirini na Tatu

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya kwanza chuoni. Joto la Arua halina adabu. Shati jipya, viatu vimepigwa rangi, kifua mbele. Askari wa lango akanisalimia kwa mikono miwili na kunielekeza kwenye hema la wazazi. Nilitaka kumsahihisha. Lakini hema lilikuwa na kivuli na soda baridi. Nikanywa kwanza.

Kando yangu aliketi mama mmoja muuza vitenge, Mama Estelle. Akaniuliza nimemleta mtoto gani. Nikakohoa. Tukawasema vijana wa siku hizi mpaka soda zikaisha, na nakiri nilichangia vizuri. Kisha wakaanza kuita majina ya mwaka wa kwanza, Ualimu. Yengi! Nikasimama. Mama Estelle akanivuta shati, akaniambia niketi, nimwache mtoto aitike mwenyewe.

Aibu gani hii! Nina miaka thelathini na saba. Nimeuza unga wa muhogo Koboko hadi kope zikawa nyeupe. Nina mke, Rosina, na watoto wanne, na Peace, wa kwanza, sasa anamzidi mama yake urefu. Darasani wote ni watoto wa juzi. Wataniita mzee, wataniamkia, wataacha kucheka nikiingia. Sitaki. Nimengoja chuo miaka mingi mno nije kukaa peke yangu kama picha ukutani.

Uamuzi: kuanzia kesho nina ishirini na tatu. Asiyeamini shauri yake.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwa kinyozi kupaka nywele rangi nyeusi. Kazi safi! Nilijitazama kwenye kioo nikamwona kaka yangu mdogo.

Saa sita jua likawaka. Rangi ikaanza safari. Ilishuka sikioni, ikapita shingoni, ikaingia kwenye kola. Anguzu, kijana wa Aroi aliyejipa cheo cha kiongozi wa darasa, akatangaza kwa sauti kwamba mzee anavuja. Darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, kwa hasira.

Ninalala chumba kimoja na kijana anaitwa Gauthier. Ana miaka kumi na tisa. Watu wake ni Wakongo waliohamia Koboko, na amelelewa na bibi yake, Kavira, muuza samaki wa sokoni. Adabu yake inanitesa. Haketi nikiwa nimesimama. Leo alinifulia ile kola bila kuambiwa, kisha akaniuliza taratibu kama mzee angependa maji ya moto ya kuoga. Nikamwambia mimi si mzee, nina ishirini na tatu. Akaitikia: ndiyo, mzee.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkakati mpya. Hapa kwetu watu wakila sinia moja, mdogo wa wote ndiye anayewamiminia wenzake maji ya kunawa. Basi! Nikishika jagi mimi, nani atasema mimi ni mkubwa?

Chakula cha mchana: enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, mlima mzima, na kuku. Nikalirukia jagi. Gauthier alikuwa amelishika tayari. Nikavuta. Akavuta. Akaniomba kwa sauti ya chini nimwachie, bibi yake akisikia kwamba mtu mzima alimnawisha atakufa kwa aibu. Nikavuta tena. Maji yote yakaishia kwa Estelle, binti wa yule mama wa hema. Estelle akanitazama sana, kisha akasema nafanana na mzazi mmoja.

Halafu Anguzu akaniwekea firigisi mbele yangu, kwa heshima zote. Firigisi ni ya mzee, kila mtu anajua. Nilikataa. Nilikula mguu huku naiangalia ikipoa. Naipenda firigisi kuliko kitu chochote.

Jumapili, 18 Agosti

Nimecheza mpira na vijana. Nilipiga chenga moja, nzuri kabisa. Mgongo ukakataa kurudi.

Gauthier alinibeba mpaka hosteli, akanisugua kwa mafuta ya shea aliyopewa na bibi yake. Nilipiga kelele, naye akacheka kwa mara ya kwanza. Akanisimulia habari za bibi. Kwamba alimsomesha kwa samaki wa kukaushwa. Kwamba humpigia simu kumuuliza amekula nini, na akijibu maharage, bibi hulalamika mpaka simu inakatika. Siku ya kuhitimu atamleta hapa na kumkalisha mbele kabisa. Nikamwambia nami nitamshonea gauni Rosina. Akauliza Rosina ni nani. Nikasema dada yangu. Ulimi huu!

Leo pia ushindi mkubwa. Anguzu alicheka umri wangu mbele ya watu, na Gauthier, yule mpole, akasimama akamkazia macho: akisema ni ishirini na tatu, ni ishirini na tatu. Kuanzia sasa ananiita Yengi tu. Amewapa nyumbani namba yangu pia, akisema ni ya rafiki wa rika lake. Rafiki! Nimelala kwa tumbo, mgongo unawaka, na nina furaha kama mtoto.

Jumanne, 20 Agosti

Mimi ni mjinga. Naandika hivyo kwanza.

Asubuhi simu ililia. Mwanamume, jina lake Gustave, mjomba wa Gauthier, akipiga kutoka Koboko. Akauliza kama ndimi yule kijana mwenzake. Nikajibu kwa majivuno: ndiyo, miaka ishirini na tatu! Kisha akauliza: "Mutu mukubwa iko hapo? Mutu ya muke na watoto?" Nikasema hapana, hapa sisi sote ni vijana. Akashukuru, akakata. Nikarudi darasani nikipiga mluzi.

Katikati ya somo nikaiweka kalamu chini. Mtu mzima hatafutwi kwa habari njema. Kwetu sote, Wakakwa, Walugbara, Wakongo, kijana hapewi habari ya msiba. Hupewa mtu mzima, naye anajua namna ya kuifikisha. Nikatoka mbio na mgongo wangu.

Nikampigia. Nikamwambia nina thelathini na saba, mke na watoto wanne, mama yangu nilimzika mwenyewe Midia. Hakuniamini! Akasema asubuhi nilikuwa kijana, sasa nimezeeka lini? Akakata. Ikabidi nimpigie Rosina. Rosina akaacha gunia la unga wazi dukani, akaenda kwa miguu hadi kwa Gustave, akaapa mbele ya jamaa wote kwamba mumewe ni mzee, ana mvi kifuani na anakoroma. Ameniambia hajawahi kutumwa kazi tamu hivyo, ila hakucheka alipoisema, maana alikuwa amewaona waliokuwa wameketi chini uani.

Gustave akanipigia tena. Bibi Kavira ameamka, amechota maji, ameketi, basi, hakuinuka tena. Akaniomba nimwambie kijana akiwa ameshiba, na tusiwe mbele ya wenzake.

Nilinunua samaki. Nikaandaa chumbani. Gauthier akaingia akitania kwamba Yengi leo kawa tajiri, akachukua jagi kwa mazoea, akijua nitamnyang'anya. Sikumnyang'anya. Nilinyoosha mikono nikangoja aninawishe, kama baba anavyongoja. Akamimina kidogo. Kisha akasimama, maji yakadondoka sakafuni, akaniuliza nani amefariki.

Samaki hatukumgusa. Nilimshika mpaka akachoka kulia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Jumamosi, 24 Agosti

Koboko. Tumemzika bibi. Darasa limekuja, Estelle na mama yake, hata Anguzu, ambaye alibeba viti bila kupiga kelele. Rosina alikuwa jikoni na wanawake wengine. Watu walimsalimia kama mke wangu mbele ya Gauthier. Gauthier akanitazama mimi, akamtazama yeye, akamwamkia kwa kupiga goti.

Baada ya mazishi wazee wakakaa kikao. Nikawekewa kiti kati yao. Niliketi. Gustave akasema kijana abaki nyumbani, ashike meza ya samaki, maana bibi ndiye aliyekuwa akimsukuma asome, na sasa kule Arua hana mtu. Wengine wakaitikia. Gauthier alikuwa ameinamisha kichwa. Hangeweza kusema, mtoto hasemi hapo.

Nikasimama. Nikawaambia mbele ya darasa langu zima: mimi ni mtu mzima. Nina miaka thelathini na saba. Nalala naye chumba kimoja, nakula naye sinia moja. Kama shida ni kwamba hana mtu, mimi ni mtu wake. Nitamwamsha, nitamuuliza amekula nini, na akijibu maharage nitalalamika.

Mama Estelle, kutoka upande wa wanawake, akasema alijua tu kwamba yule baba wa hema ana akili. Gustave akaniangalia sana. Mwishoni akasema sawa, arudi, lakini akianguka mtihani watanijia mimi. Nikakubali kabla sijafikiri. Mimi mwenyewe hesabu sizijui!

Rosina alinipa firigisi jikoni, nikala yote. Akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hafanyi.

Jumatatu, 2 Septemba

Tumerudi. Gauthier anasoma. Nami nasoma, maana nimejitia kitanzi. Sasa ananiita mjomba, mbele ya kila mtu, na kila akiniita moyo wangu unalainika. Anguzu hanitanii tena. Ananiletea kiti. Inauma kidogo.

Leo kaingia mwanafunzi mpya, Nora, kachelewa kwa sababu ya homa. Hajui lolote. Kaketi karibu nasi akaniuliza kwa upole kama mimi ni mwalimu. Sasa nikakumbuka jambo: hapa kwetu mjomba anaweza kuwa mdogo kuliko mpwa wake! Kule Midia nina mjomba yuko darasa la saba, na namwamkia. Hivyo ujomba haumzeeshi mtu hata kidogo.

Nikamwambia Nora nina ishirini na nne. Nimeongeza mmoja, ili kuwa mkweli zaidi.

Nora akamgeukia Gauthier, akamuuliza kama ni kweli. Gauthier akakitazama kitabu chake muda mrefu. Nikaanza kutoka jasho. Kisha akainua uso, hana hata dalili ya kucheka, akamjibu kwamba ni kweli kabisa, mjomba wake ni kitinda mimba.