Turubai la Harusi ya Asmaa

Jumatatu, 8 Septemba

Ilula nzima imegoma. Tangu hotuba ya Ijumaa msikitini, soda ya Kimarekani hainywewi. Friji langu la dukani limejaa, linanguruma peke yake. Si langu hasa. Ni la kampuni, na sharti ni kuweka soda zao tu.

Bi Mwanakhamisi anamwoza bintiye Asmaa Jumapili. Kasema mbele ya watu: jina la Mmarekani lisionekane uani kwake. Atakayemridhisha kwa vinywaji ataitwa harusi zote za hapa. Anwari, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, keshaanza kuroweka ukwaju. Mnafiki! Juzi tu alikuwa anacheua soda.

Nikasinzia nimeegemea friji. Nikaota lori lenye picha ya sura yangu likielea juu ya ukungu, Mbeya hadi Iringa.

Jumanne, 9 Septemba

Wazo! Sharubati ya nyanya. Nilichemsha na sukari na tangawizi, chumba kikawa wingu. Matilda, anayeuza nyanya mlangoni pangu, alionja. Kaka Halfani, akasema, hii ni mboga, imekosa ugali tu.

Wivu. Nikaificha kwenye friji.

Jumatano, 10 Septemba

Edmund wa kampuni kaja kukagua. Kaona nyanya. Nikajua friji limekwenda.

Hakukasirika! Kwa sauti ya kubembeleza akasema soda yao inatengenezwa na watoto wa hapa hapa, kwa sukari ya hapa hapa, na ofisi inataka kuwa karibu na jamii. Je, hakuna shughuli ya kusaidia? Hata turubai?

Ipo, nikamwambia.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia Bi Mwanakhamisi turubai ni langu. Mwanangu, akauliza, wewe uliyeazima hata kigoda cha dukani? Lakini kakubali, na sharubati pia.

Turubai ni jeupe. Jina la soda liko juu, jekundu, refu kama basi. Nimelishonea mashuka meupe. Nani atajua?

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi ya mawingu. Turubai limetulia kama limeshuka usingizini. Bi Mwanakhamisi akanishika bega: mwanangu, umeniheshimu. Nikaelea.

Sheikh akamshika bwana harusi mkono. Jua likatoka.

Herufi nyekundu zikapenya mashuka na turubai, zikateremka polepole, zikatua juu ya kanzu nyeupe. Zilisomeka kinyume, lakini zilisomeka. Ya kwanza ilitulia kifuani kwa bwana harusi. Ilipendeza mno, nikasahau kuogopa.

Bi Mwanakhamisi hakusahau. Wewe Halfani, ng'oa takataka yako! Harusi ikahamia kwa Anwari, kwenye ukwaju. Edmund, aliyekuja kuliona turubai lake, akapiga picha.

Jumatatu, 15 Septemba

Picha zimependwa ofisini. Edmund kaniletea friji la pili, zawadi. Wateja hakuna. Harusi zote zimekwenda kwa Anwari.

Nimejilaza katikati ya mafriji, yananguruma kama mvua ya mbali. Kosa nimeliona: mashuka. Mepesi mno. Bertha wa Nyololo anaolewa Novemba, na kwao pia wamegoma.

Nitashonea mablanketi.